Maharagwe Kumi na Saba

Shangazi M'Balagizi hahesabu kwa kalenda.
Ana kopo tupu la nyanya, na maharagwe:
kila asubuhi punje moja, kabla ya kuwasha makaa,
tangu jioni ile Lundi alipopandwa
na dume wa kukodi kutoka Kabare,
mwenye sikio lililopasuka na bei isiyopungua.

Punje kumi. Punje kumi na moja.
Ananiuliza mimi niliyesomea mifugo:
"Nani anamwambia kondoo kwamba zamu imefika?
Ni mwezi?"

Si mwezi, Shangazi.
Anayesema nilimwona juu ya meza ya zege,
machinjioni, kule chini Ruzizi,
Mwalimu Ntakwinja na buti zake za mpira, kisu kifupi:
mji wa mimba, pembe zake mbili zimejikunja
kama pembe za dume mwenyewe,
na kando, juu ya kifuko cha mayai,
kivimbe ambacho vitabu vinakiita cha manjano
ingawa cha kondoo kina wekundu, kama ufizi.

Kivimbe hicho ndicho mlinzi wa subira.
Kikiwapo, damu yote inaambiwa: tulia, huenda kuna mgeni.
Na mji unangoja. Siku kumi na mbili, kumi na tatu,
unasikiliza ndani ya kuta zake.
Hakuna aliyebisha?
Basi unatuma neno, neno kali:
zima.
Halizunguki mwili mzima likapotelea mapafuni.
Mshipa unaorudi na mshipa unaokwenda
imesokotana, ukuta kwa ukuta, na neno linapenya
kama sisi wa Cahi tunavyopitishiana kaa la moto
juu ya ua, bila kushuka hadi barabarani.
Kivimbe kinanyauka. Yai jingine linaamka.
Siku ya kumi na saba kondoo anatikisa mkia,
anamtafuta dume.

"Na wakiutoa huo mji?"

Nikanyamaza.
Ana kovu la mwezi wa nne. Walimtoa kizazi
pamoja na uvimbe wa ukubwa wa viazi vitatu,
na tangu hapo anafunga kitenge chake juu zaidi.
Nilimwambia kweli, maana uongo anaujua kwa harufu:
kondoo aliyetolewa mji hana wa kumwambia zima.
Kivimbe chake kinakaa, miezi, karibu muda wa mimba nzima,
kinalinda mlango wa nyumba isiyokuwapo.
Na wakitoa pembe moja tu, tuseme ya kushoto,
ni kifuko cha kushoto kinachokosa habari;
cha kulia kinazipata zake kama kawaida.

Aligeuza bugali, akageuza tena.
"Kwa hiyo nami nangoja," akasema.
"Nangoja nani?"

Hapana, Shangazi. Hapo sisi si kondoo.
Kwetu kifuko kinajihesabia chenyewe,
hakingoji amri ya mji,
na vyako waliviacha, nimeisoma karatasi.
Walichukua nyumba. Saa hawakuigusa.

Mwiko ukasimama katikati ya sufuria.
Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu hospitali,
akishika kovu ili lisimuume:
"Kumbe ni mimi mwenye kichwa kigumu kuliko nyama!"

Punje ya kumi na saba alinipa mimi niitumbukize.
Dume wa Kabare alipitishwa njia ya juu, akilia;
Lundi hakuinua hata shingo,
aliendelea kutafuna maganda ya ndizi.
Siku nne kabla, kitu chembamba kama uzi wa kushonea,
kisicho na moyo wala jina, kisichoshika popote,
kilikuwa kimekwisha kuziambia kuta:
nipo, msizime.

Shangazi alitikisa kopo karibu na sikio,
akasikiliza,
akayamwaga maharagwe pamoja na mengine ya jioni.
"Hatuhesabu tena," alisema.
"Leta chumvi."